Betelgeuse: kama umbali tu hawajakubaliana, hizi namba nyingine wanazitoa wapi?

#1 Kijiwe Nongwa
Wakuu habari za muda. Nina swali, na kwa kweli ni zaidi ya swali, ni lawama. Nimekuwa nasoma kuhusu hii nyota Betelgeuse, ile nyekundu ya begani kwa Jabari (kundi la nyota la Orion), kwa sisi wa Tanzania kuanzia Januari jioni ukitazama karibu na utosi huwezi kuikosa, iko kaskazini ya zile tatu zilizojipanga mstari. Sehemu moja naambiwa iko miaka ya mwanga 427, nyingine 643, nyingine 724, nyingine tena 548. Nyota ileile moja! Halafu watu haohao bila aibu wanakupa joto lake kelvini 3,600, uzito majua 17 au 18, umri miaka milioni 8 na kitu. Mtu asiyejua kitu kiko wapi anajuaje kina uzito gani? Mimi naona tunapigwa chai. Wenye elimu waje, wale wa "Google kasema" wapite kushoto.

#2 Nimekaa Paleee
Siti ya mbele. Ngoja waje.

#3 Fundi Gesi
Joto na umbali ni vitu viwili tofauti mkuu. Mimi kazi yangu kuchomelea, chuma kikianza kushika moto kinakuwa chekundu cha kiza, ukiongeza kinaenda rangi ya chungwa, ukizidi kinaelekea weupe, na mimi nikiwa upande wa pili wa karakana najua kimefika wapi bila kukisogelea. Nyota nayo ni hivyo. Hapohapo kwenye Jabari angalia Betelgeuse, halafu shuka mguuni uangalie Rigel, utaona weupe wenye ubluu. Rigel iko kelvini 12,000 huko. Ile nyekundu ndo iliyopoa.

#4 Ticha wa Zamu
Fundi kamaliza nusu, naongezea. Rangi peke yake inaweza kudanganya maana vumbi likikaa katikati nyota inaonekana nyekundu kuliko ilivyo. Kwa hiyo wanaupitisha mwanga kwenye spektrografu, unatawanyika rangi zake, na ndani ya zile rangi kuna mistari myeusi, kila elementi na yake. Betelgeuse imejaa mikanda mipana ya oksidi ya titani, hiyo ni molekuli, joto likizidi inavunjika, so ukiiona imejaa hivyo ujue uso wa nyota uko chini ya kelvini 4,000. Ndio maana ipo daraja la M. Madaraja kutoka moto mkali kushuka ni O B A F G K M, jua letu ni G2, Betelgeuse ni M1 au M2 kutegemea nani kaipima na lini.

Halafu mwishoni kuna namba ya kirumi. V ni nyota za kawaida kama jua, III ni majitu, I ni majitu makubwa kupita kiasi, Betelgeuse iko huko kwenye I. Na hiyo pia mkuu Kijiwe haihitaji umbali, inasomwa kwenye mistari ileile: nyota iliyovimba gesi yake ya juu ni hafifu, mgandamizo mdogo, mistari inakuwa myembamba. Mpango huo wa namba ni wa akina Morgan na Keenan, 1943.

#5 Chalii wa Kijenge
OBAFGKM ndo herufi gani sasa, aliyezipanga alikuwa amekunywa nini

#6 Bibi Kitabu
@Chalii wa Kijenge hakuna aliyekunywa mwanangu. Kule Harvard kulikuwa na mama anaitwa Williamina Fleming, katoka Scotland, alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa mkurugenzi wa kituo cha nyota, Pickering, ndo akaingizwa kuchambua picha za spektra. Yeye alizipanga A, B, C kwa kufuata nguvu ya mistari ya haidrojeni. Baadaye akaja Annie Jump Cannon, akaona mpangilio unaokaa vizuri ni mwingine, akafuta herufi nyingi na zilizobaki akazihamisha, O ikatangulia B, B ikatangulia A. Mama huyu alikuwa hasikii vizuri, na maishani mwake aliainisha nyota kama 350,000, kwa macho, moja moja, akitazama picha kwenye vioo.

Na msinikatishe maana kuna linaloniuma zaidi. 1925 binti mmoja Cecilia Payne anaandika tasnifu yake kwamba nyota karibu zote ni haidrojeni na heliamu. Mkubwa wa wakati ule, Henry Norris Russell, akamwambia hiyo haiwezekani, na binti akalazimika kuandika kwenye tasnifu yake mwenyewe kwamba matokeo hayo karibu hakika si ya kweli. Miaka 4 baadaye Russell huyohuyo anafika palepale kwa njia zake. Haya endeleeni.

#7 Chalii wa Kijenge
Daah. Heshima kwako bibi. Ila herufi bado zimekaa vibaya

#8 Kijiwe Nongwa
Historia tamu ila naona mnanizungusha. Joto nimekubali, daraja nimekubali. UMBALI je? Hicho ndicho nilichouliza.

#9 Mpima Viwanja
Hapo sasa umekuja kwangu. Mimi ni mpimaji wa ardhi, tunapima mlima bila kuupanda, unachukua pembe ukiwa pointi A, unahamia pointi B ambayo umbali wake unaujua, unachukua pembe tena, pembetatu inakupa jibu. Wanaanga wanafanya hivyohivyo ila msingi wao ni mzingo wa dunia, unapima leo na baada ya miezi 6 dunia ikiwa upande wa pili wa jua. Nyota ya karibu inaonekana imejisogeza kidogo mbele ya zile za mbali. Wanaita paralaksi. Wa kwanza kuchapisha jibu linaloaminika alikuwa Bessel, Mjerumani, 1838, kwa nyota ya 61 Cygni.

Tatizo ni udogo wa pembe. Chukua nyuzi 1 igawe mara 3,600 upate sekunde 1, hiyo sekunde igawe tena mara elfu. Paralaksi ya Betelgeuse ni kama 5 au 6 ya hivyo vipande vya mwisho. Sasa sikia balaa lenyewe: nyota yenyewe ni pana kiasi kwamba umbo lake linachukua vipande kama 45! Yaani unatafuta msogeo ulio mdogo mara nane hivi kuliko kitu chenyewe, na kitu chenyewe kinachemka, upande huu unang'aa mwezi huu, mwezi ujao unang'aa ule, so kitovu cha mwanga kinahama chenyewe bila dunia kwenda popote. Ningepewa mlima unaofanya hivyo ningerudisha hela ya mteja.

#10 Kamanda Data
Mnasumbuka bure. Gaia, darubini ya angani ya wazungu wa Ulaya, imepima nyota zaidi ya bilioni, ingieni kwenye katalogi yake mchukue namba ya Betelgeuse mfunge uzi.

#11 Ticha wa Zamu
@Kamanda Data kaingie wewe uituletee. Hutaipata. Betelgeuse inang'aa kupita uwezo wa kamera za Gaia, imetengenezewa nyota hafifu. Aliyeipima ni Hipparcos, setelaiti iliyoitangulia Gaia, namba zake zilitoka 1997, ndo hiyo 427 ya mleta mada. Baadaye kundi la Harper likachanganya na vipimo vya mawimbi ya redio, kwenye redio yale madoa ya usoni yanasumbua kidogo tofauti, wakapata 643 mwaka 2008 na 724 mwaka 2017. Hiyo 548 ni ya 2020, kundi la Meridith Joyce, wao wametumia namna nyota inavyotikisika: nyota inavimba na kusinyaa kwa mzunguko wa siku 400 na ushee, na mzunguko huo unategemea ukubwa wake halisi. Ukiujua ukubwa halisi na ukaona inaonekana pana kiasi gani, umbali unapatikana.

#12 Kamanda Data
Kumbe nyota angavu ndo ngumu kupima kuliko hafifu? Hii dunia ina mambo.

#13 Kijiwe Nongwa
Ahaa, sasa mnakiri wenyewe. Huyo wa 2020 anatumia ukubwa kupata umbali, wengine wanatumia umbali kupata ukubwa. Mbwa anakimbiza mkia wake.

#14 Mpima Viwanja
Sio hivyo, upana wa kuonekana ulipimwa kivyake. Desemba 1920 Michelson na Pease pale Mount Wilson, California, walifunga boriti ya chuma ya futi 20 juu ya darubini yenye vioo pembeni, wakapata upana wa Betelgeuse, 0.047 ya sekunde. Ndiyo nyota ya kwanza kupimwa upana baada ya jua. Hiyo haina umbali ndani yake. Ila ni kweli ukikosea umbali vingine vinafuata. Toka 548 kwenda 724 ni ongezeko la karibu theluthi, ukubwa unaongezeka theluthi, na mng'aro halisi unapanda kwa asilimia kama 75 kwa sababu unaenda kwa kipeo cha pili. Kwa hesabu ya Joyce ukiiweka pale lilipo jua ingemeza Mirihi na kuingia kwenye ukanda wa asteroidi. Kwa ile ya mbali inazidi hapo.

#15 Shekhe Wa Mtaa
Dalili za Kiyama hizi, nyota kufifia na kuanguka. Nyie pimeni tu.

#16 Nimekaa Paleee
Shekhe umechelewa, kufifia ilishafifia 2020 na tuko hapa tunadaiwa kodi.

#17 Msee wa Nanyuki
Sasa mmefika penye mimi nilikuwa nangoja. Hiyo ya 2020 niliiona na macho yangu, huku kwetu mwezi wa kwanza anga ni safi sana. Kuna jamaa alinifunza kulinganisha: unachukua nyota mbili ambazo hazibadiliki, unaweka ile yako katikati. Kwa kawaida Betelgeuse inashinda Aldebaran, ile nyekundu ya Fahali hapo jirani. Ile Januari ikawa chini ya Aldebaran, kufika Februari ilikuwa imelingana na Bellatrix, bega lile lingine la Jabari! Mimi sina darubini, sina chochote. Kuna watu duniani kote hutuma makadirio kama hayo na wataalamu wanayatumia kweli, si mchezo.

#18 Ticha wa Zamu
Shahidi huyo. Kwa namba, kawaida iko magnitudi (kipimo cha mng'aro) 0.5 hivi, Februari 2020 ilishuka mpaka 1.6. Namba ikipanda mwanga umepungua, msichanganyikiwe. Tofauti ya 5 ni mara 100 kamili, kwa hiyo 1.1 ni kama mara 2.75. Edward Guinan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Villanova ndio waliopiga kengele Desemba 2019, na Guinan alikuwa ameifuatilia nyota hii kwa miongo kadhaa.

#19 Dada wa Maabara
Na sababu ilikuwa vumbi, wameshamaliza hiyo kesi. Emily Levesque na Philip Massey walipima ile mikanda ya titani tarehe 14 Februari 2020, joto likatoka 3,600, wakati mwaka 2004 lilikuwa 3,650. Hiyo ni tofauti ndogo mno, haiwezi kupunguza mwanga kiasi kile. Nyota haikupoa, ilifunikwa.

#20 Mtu wa Maskati
Hawajamaliza dada yangu. Kuna darubini ya Hawaii inaitwa James Clerk Maxwell, inatazama mawimbi chini kidogo ya milimita. Kwenye mawimbi hayo vumbi halizuii mwanga, likiwepo jipya lingeongeza. Wao wakaona mwanga umepungua kwa asilimia 20 huko pia. Kundi la Dharmawardena likasema ni madoa baridi, yamefunika nusu ya uso mpaka asilimia 70. Vumbi linaelezaje hapo? Sisi huku Oman vumbi tunalijua, na halijawahi kupoza kitu.

#21 Dada wa Maabara
Kaka wa Maskati, picha za ile darubini kubwa ya VLT kule Chile zilionesha nusu ya kusini ndiyo iliyofifia, kaskazini iko sawa. Kundi la Montargès, limetoka kwenye jarida la Nature 2021. Upande mmoja umefunikwa, hilo ni wingu.

#22 Mtu wa Maskati
Au upande mmoja umepoa. Picha inaonesha weusi, haioneshi sababu. Na ukisoma vizuri hao hao Montargès wanasema uso ulipoa kwanza ndipo vumbi likaganda juu yake.

#23 Bibi Kitabu
Na mmemsahau Andrea Dupree. Yeye na darubini ya angani ya Hubble, kwenye urujuanimno, waliona kati ya Septemba na Novemba 2019 gesi nzito ya moto ikitoka kupitia upande wa kusini, kabla ya giza lenyewe. Kwake yeye chanzo ni nyota kutapika, gesi ikapoa huko nje ikawa vumbi. Hapo hata nyinyi wawili mnaopigana mnapata nusu nusu.

#24 Chalii wa Kijenge
Nyota inatapika. Halafu mnasema herufi hazikupangwa na mlevi

#25 Kamanda Data
Mimi niliyetolewa mkuku hapo juu narudi na silaha. Himawari-8, setelaiti ya hali ya hewa ya Japani! Imekaa juu ya ikweta, ilikuwa inapiga picha upande mzima wa dunia unaoikabili kutafuta vimbunga, na pembeni ya picha nyota zinaingia. Kundi la Taniguchi wa Tokyo likafukua picha za miaka kadhaa, likaikuta Betelgeuse humo imepigwa kwenye mawimbi mengi bila usumbufu wa hewa. Jibu: ilipoa kwa nyuzi kama 140 NA vumbi likawepo, kila kimoja kama nusu. 2022 hiyo.

#26 Dada wa Maabara
140 na ile 50 ya titani hazilingani.

#27 Kamanda Data
Ndo hapo sasa. Titani ipo juu juu ya nyota, hawa wengine wanaona ndani zaidi. Unampima homa kwapani au mdomoni? Mbishane.

#28 Kijiwe Nongwa
Naona kila darubini na ugonjwa wake. Sawa, turudi kwenye UZITO. Hamjanijibu.

#29 Ticha wa Zamu
Uzito ndo mgumu kuliko vyote na hapa nakupa haki yako. Nyota ikiwa peke yake huwezi kuipima uzito moja kwa moja. Zikiwa mbili zinazungukana ni rahisi, unapima muda wa kuzunguka na umbali kati yao, Kepler na Newton wanakupa jibu, ndivyo tunavyoujua uzito wa Shira (Sirius, ile angavu kuliko zote usiku) na mwenzake. Betelgeuse kwa miaka yote tumeihesabu mpweke, kwa hiyo uzito wake unatoka kwenye modeli: unatengeneza nyota kwenye kompyuta, unaizeesha, unaangalia ipi inafanana na hii kwa joto na mng'aro. Mng'aro ndo unabeba ile hitilafu ya umbali. Ndo maana utaona majua 14 hapa, 17 pale, 19 kule.

#30 Bibi Kitabu
Hiyo 14 ni ya Neuhäuser, 2022, na njia yake mimi ndiyo naipenda. Alirudi kwenye maandishi ya kale. Sima Qian, mwanahistoria wa China, kama miaka 100 kabla ya Kristo, anaitaja nyota hii kuwa ya njano. Sasa ni nyekundu. Nyota inayobadilika rangi hivyo ndani ya miaka 2,000 lazima iwe na uzito fulani na umri fulani.

#31 Mtu wa Maskati
Bibi kwa heshima zote, Ptolemy, mwanaanga wa Iskandaria, karne mbili na nusu tu baada ya huyo Mchina, kaandika kwamba nyota ya bega la kulia ina wekundu.

#32 Bibi Kitabu
Ptolemy huyohuyo mwanangu kaandika Shira nayo ina wekundu. Toka nje uangalie Shira kama si nyeupe.

#33 Nimekaa Paleee
🤣🤣🤣 Bibi kammaliza

#34 Msee wa Nanyuki
Lakini habari ya upweke imebadilika. Betelgeuse ina ule mzunguko mwingine wa siku kama 2,100, karibu miaka 6, hakuna aliyekuwa anauelewa. 2024 makundi mawili, la Goldberg na Joyce na la MacLeod, wakasema ni mwenza mdogo anaizunguka. Julai 2025 Steve Howell na darubini ya Gemini North kule Hawaii wakasema wameiona, imefifia kuliko Betelgeuse kwa magnitudi 6, iko karibu mno mpaka imo ndani ya hewa ya nje ya ile kubwa. Imependekezwa iitwe Siwarha, Kiarabu hicho, watu wa Maskati watuambie.

#35 Mtu wa Maskati
Bangili yake. Na jina zuri halithibitishi kitu, ukisoma karatasi yenyewe uhakika wa ule ugunduzi ni mdogo, wenyewe wanakiri. Pia Chandra, darubini ya angani ya eksirei, ilitafuta eksirei haikuona kitu, so kama ipo ni nyota changa ya kawaida.

#36 Kijiwe Nongwa
Kwa hiyo mwenza akithibitishwa uzito tunaupata wa kweli, bila kompyuta?

#37 Ticha wa Zamu
Ukiupata mzingo vizuri, ndiyo. Ila mkuu, upana wa mzingo unaonekana kwa pembe, kuugeuza uwe kilomita unahitaji...

#38 Kijiwe Nongwa
USISEME UMBALI

#39 Ticha wa Zamu
Umbali.

#40 Chalii wa Kijenge
🤣🤣 nimefunga simu. Nimefungua tena. Italipuka lini sasa, hicho ndo tunataka wengine

#41 Dada wa Maabara
Inategemea unamwamini nani. Joyce: bado inaunguza heliamu, miaka 100,000 ipo. Saio na wenzake 2023: heliamu imeisha, iko mwishoni mwa kuunguza kaboni, inaweza kuwa miongo tu. Tofauti yao yote ni kwamba Saio anauchukulia ule mzunguko mrefu (yeye anauhesabu siku 2,200 hivi) kuwa ndio mapigo makuu ya nyota, hivyo nyota yake inatoka kubwa mno. Akina Molnár wakamjibu mwaka huohuo kwamba ukubwa huo unapingana na upana uliopimwa. Na kama mzunguko ule ni wa Siwarha basi hoja ya Saio imekosa miguu.

#42 Mpima Viwanja
Kama Siwarha ipo. Wamesema Novemba 2027 itakuwa mbali na mama yake vya kutosha kupigwa picha tena.

#43 Jirani Mwema
Samahani naingilia, nina darubini ndogo ya mikono miwili ya kuangalia wanyama, Novemba 2027 nitaiona?

#44 Msee wa Nanyuki
Hapana ndugu. Kioo cha Gemini ni mita 8 na bado wamehangaika. Wewe linganisha na Aldebaran tu, hiyo inatosha na ni bure.

#45 Dada wa Maabara
Kabla hamjalala kuna kitu hakuna aliyekigusa. Baada ya 2020 yale mapigo ya siku 400 yalipotea, nyota ikawa inapiga kwa siku 200 hivi. Wa vumbi na wa madoa, mnalielezaje hilo?

#46 Mtu wa Maskati
Madoa. Ndani kulivurugika, nyota ikahamia pigo la nusu. Nimekwambia tangu #20.

#47 Bibi Kitabu
Matapishi ya Dupree ndiyo yaliyovuruga hayo ya ndani, msimwibie mwenzenu. Someni vizuri mrudi.